Mstari wa Kwanza Ndio Mtihani

Chukua maswali matatu ya kalkulasi. La kwanza linataka integrali ya xe^x, yaani funksheni ambayo derivativu yake (kasi yake ya kubadilika) ni xe^x. La pili linataka integrali ya xe^(x²). La tatu, integrali ya e^(x²). Kwa kuyatazama tu ungesema ni ndugu wa tumbo moja. Lakini la kwanza linadai uitenganishe funksheni pande mbili, upande mmoja uutafutie derivativu na wa pili integrali. La pili linakwisha kwa mistari miwili ukishaipa x² jina jipya, tuseme u. La tatu halina jibu linaloandikika kwa funksheni za kawaida za darasani, hata ukikesha nalo. Mwanafunzi anaweza kuzijua njia zote mbili hizo, akazifanyia mazoezi mpaka mkono ukazoea, na bado akaondoka na sifuri kwa sababu alilishughulikia swali moja kwa dawa ya jirani yake.

Kwenye kitabu swali hukaa chini ya kichwa cha sura, na kichwa hicho kimeshakunong'oneza la kufanya. Karatasi ya mtihani haina vichwa vya sura. Ina maswali yaliyochanganywa, na kabla hujakokotoa chochote unatakiwa uamue hili ni swali la aina gani. Walimu wengi husahihisha kwa kutoa alama za njia, kwa hiyo anayeanza sawasawa kisha akakosea kujumlisha huokota alama kadhaa. Aliyeanza vibaya hana cha kuokota.

Naanzia hapa kwa sababu tunapojadili wanafunzi kusaidiana hesabu, mjadala hukimbilia maadili: huku ni kusaidiana au ni kudesa? Swali hilo ni halali, ila si lenye uzito mkubwa kuliko yote. Uzito uko kwenye jambo jingine: msaada wanaopeana unakigusa kile kitakachopimwa? Mwingi haukigusi.

Tazama unavyotolewa. Mmoja anasema, "Mwanangu, namba nne imenishinda." Mwenzake anavuta karatasi, anaandika mistari saba iliyonyooka, jibu analipigia mstari mara mbili chini. "Umeelewa?" "Nimeelewa." Na kweli ameelewa, hadanganyi. Kila mstari unatokana na ule ulio juu yake na hakuna hata mmoja wa kubishia. Kilichokosekana ni kile kilichotokea kabla ya mstari wa kwanza: zile sekunde ambazo msaidizi alilikodolea macho swali, akajaribu njia moja kichwani, akaona haifiki, akaiacha na kushika nyingine. Hayo hayakuandikwa. Mwombaji ameondoka na matokeo ya uamuzi bila uamuzi wenyewe, na chumba cha mtihani kitamdai uamuzi.

Mtu anaweza kunijibu kwamba mfano uliokokotolewa vizuri ni mwalimu, na atakuwa na ushahidi. Mwaka 1985 John Sweller na Graham Cooper walichapisha majaribio yao juu ya ujifunzaji wa aljebra. Wanafunzi waliopewa mifano iliyokwisha kukokotolewa walitumia muda mfupi zaidi, na baadaye walikosea kidogo zaidi, kuliko wale waliosukumwa kuhangaika na maswali peke yao. Kwa anayeanza kabisa, kuhangaika gizani hula akili yote na hakuachi kitu. Hilo silikatai. Ila matokeo yale yale yalikuwa na mpaka: faida ilionekana kwenye maswali yenye muundo uleule wa mifano. Muundo ulipobadilika, faida haikuonekana. Na mtihani wa maana hubadilisha muundo. Ndiyo kazi yake.

Miaka minne baadaye Michelene Chi na wenzake waliwachunguza wanafunzi waliokuwa wakisoma mifano ya fizikia. Wote walisoma mifano ileile. Waliofanya vizuri baadaye walikuwa wale waliosimama kila hatua na kujieleza: kwa nini amefanya hivi hapa, hili limetoka wapi, lingekuwaje kama kile kisingekuwepo. Wadhaifu walisoma, wakaona kila kitu kinaeleweka, wakaendelea mbele. Kwa hiyo ile "nimeelewa" inayotoka haraka inapaswa kumtia shaka anayesaidia. Aliyeelewa kwa kweli huwa na swali.

Mtu wa rika lako ana kitu ambacho mwalimu amekwisha kukipoteza. Mwalimu haoni tena ugumu ulipo. Amekwisha kuvuka mto huo mara nyingi kiasi kwamba hajui tena jiwe gani linateleza. Anayelijua ni aliyeteleza juzi. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza mwaka 1991 kuwaachia wanafunzi wake wabishane wawili wawili katikati ya kipindi, baada ya kugundua kwamba maelezo yake mazuri yalikuwa yakipita juu ya vichwa. Aliona kwamba aliyelielewa jambo dakika mbili zilizopita mara nyingi humfikisha mwenzake haraka kuliko profesa mwenyewe.

Lakini faida hiyo inapatikana tu kama msaidizi ameuona mtelezo wenyewe, na hawezi kuuona kwenye karatasi safi. Inabidi aone karatasi chafu ya mwenzake, ile yenye mistari iliyofutwa. Hapa kuna ugonjwa wa kawaida sana ambao wanafunzi wenyewe huutaja kwa jina lisilo lake. Mtu anasema, "Kalkulasi imenikataa." Ukimwomba akuonyeshe alipofika, unakuta kalkulasi haihusiki.

Tuseme ametakiwa kutafuta derivativu ya 1/x kwa kuanzia kwenye maana yake ya msingi: chukua 1/(x+h), toa 1/x, gawanya kwa h, kisha iache h isogee kuelekea sifuri. Ameanza sawa kabisa. Mstari wa pili ameandika kwamba 1/(x+h) toa 1/x ni 1/h. Ametoa namba za chini kama vile ni namba za juu. Kuanzia hapo kila kitu kinaharibika: anagawanya kwa h, anapata 1/h², h inasogea sifuri, jibu linapaa lisikoonekana, naye anahitimisha kwamba mambo ya kusogeza h hayaelewi. Anayaelewa vizuri. Asichokijua ni kutoa sehemu mbili zenye asili tofauti, kitu alichofundishwa miaka mingi nyuma na ambacho hakuna mwalimu wa kalkulasi atakayerudi kukifundisha. Mwenzake akimwandikia suluhisho zima lenye jibu -1/x², somo lile litapita bila kuguswa, maana katika suluhisho safi hatua hiyo ni mstari mmoja usio na mbwembwe yoyote. Akiiona karatasi chafu, ataweka kidole pale pale: "Dada, hapa. Nusu toa theluthi ni ngapi?" Dakika moja, na wiki mbili za kujiona kilaza zimekwisha.

Ndiyo maana neno la kwanza la anayesaidia, kwa maoni yangu, liwe "nionyeshe ulipofika", na kama mwenzake hajafika popote, basi mazungumzo yawe juu ya kuanza: swali linataka nini, umepewa nini, linafanana na lipi ulilowahi kulifanya, na linatofautiana nalo wapi. Kalamu ibaki mkononi mwa aliyeomba. Najua inachosha. Kumwandikia mtu suluhisho ni rahisi mara tano kuliko kumsubiri aandike mwenyewe huku unaona anakosea, na vipanga wengi, wale wanaoongoza darasani, hawana subira hiyo.

Kuhusu vipanga: lalamiko lao lipo na lina haki yake. Kwa nini mimi nipoteze jioni yangu kwa ajili ya mtu aliyekuwa amelala? Jibu la kawaida ni kwamba kufundisha ni kujifunza, na jibu hilo ni la kweli nusu. Noreen Webb, aliyechambua tafiti nyingi za vikundi vidogo vya hisabati na kuchapisha uchambuzi wake mwaka 1991, alikuta kwamba wanaotoa maelezo ya kina hufanya vizuri zaidi. Wanaopokea jibu tupu bila maelezo hali yao haiimariki. Matokeo yao huelekea upande mbaya. Faida ya mtoaji inatokana na maelezo. Anayetoa majibu matupu hapati kitu, na anayepokea anapunguziwa. Kipanga anayesambaza picha za suluhisho kwa darasa zima anajihesabia wema ambao haumfai yeye wala wao.

Tena kuna jambo la haki ndani yake. Kama katika kila diskasheni anayeelezea ni yuleyule na wanaosikiliza ni walewale, basi kikundi kinamwongezea aliyenacho. Kila juma yeye anapata mazoezi ya kupanga mawazo, wao wanapata mazoezi ya kutikisa kichwa. Nimeona vikundi vinavyojivunia kukutana kila siku na ambavyo ndani yake kuna mwanafunzi mmoja tu anayesoma.

Habari ya vikundi inayofahamika zaidi ni ya mwalimu wa hisabati Uri Treisman. Katikati ya miaka ya 1970, akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alijiuliza kwa nini wanafunzi Weusi walikuwa wakianguka sana kwenye kalkulasi ya mwaka wa kwanza ilhali wenzao wenye asili ya China walifanya vizuri. Sababu zilizokuwa midomoni mwa watu zilikuwa za kawaida: hawana bidii, msingi wao dhaifu, familia haziwahimizi. Treisman alifanya kitu ambacho wenye midomo hawakuwa wamekifanya. Aliwafuata wanafunzi 20 wa kila kundi na kuwatazama wanavyosoma, chumbani, maktabani, popote. Zile sababu hazikusimama. Wanafunzi Weusi walikuwa wakisoma kwa saa nyingi, kwa nidhamu, ila peke yao. Masomo huku, marafiki kule. Wale wa asili ya China walisoma peke yao kwanza, kisha wakakutana, wakalinganisha majibu, wakakosoana, wakaulizana maswali ya mitihani ya zamani. Swali lililowashinda wote walijua kwamba ni gumu kweli. Yule aliyekaa peke yake, likimshinda swali, alihitimisha kwamba tatizo ni yeye.

Kipande ambacho wanaosimulia habari hii hukiruka ni kile cha dawa aliyoitoa. Warsha alizozianzisha mwishoni mwa muongo ule hazikuwa za kuwarudisha watu nyuma kwenye mambo mepesi. Aliwapa maswali magumu kuliko ya kawaida, wayashambulie pamoja, na matokeo yao yakapanda sana. Mpangilio ule, peke yako kwanza kisha pamoja, ndio ninaoutetea. Anayekuja kikundini na karatasi nyeupe hana alipokwama pa kuonyesha, amekuja kuchukua.

Sasa pingamizi zito. Vipi kama wote hawajui? Kipofu atamwongozaje kipofu? Kwa masomo mengi pingamizi hili lingenitosha kunyamaza. Hisabati ina bahati ya peke yake: jibu linaweza kushitakiwa mahakamani bila mwalimu kuwapo. Umepata x, irudishe kwenye mlinganyo uone kama pande mbili zinalingana. Umepata integrali, itafutie derivativu uone kama unarudi ulikotoka. Wanafunzi wawili wa wastani wenye tabia ya kuhakiki wanafika mbali kuliko kipanga asiyehakiki.

Chukua mlinganyo usemao kipeuo cha pili cha (x + 2) ni sawa na x. Unavipandisha vyote kwenye kipeo cha pili, unapata x² - x - 2 = 0, na majibu yanatoka mawili: 2 na -1. Rudisha 2: kipeuo cha pili cha 4 ni 2, sawa. Rudisha -1: kipeuo cha pili cha 1 ni 1, na 1 si -1. Jibu la pili ni mgeni aliyeingia mlango wa nyuma tulipopandisha vipeo. Hapa hakuna haja ya mwalimu.

Lakini mahakama hiyo ina tundu, na kikundi kisichojua tundu lilipo kitajiamini kupita kiasi. Mlinganyo x² = 3x: wengi hugawanya pande zote kwa x na kubaki na x = 3. Ukihakiki, 3 inafaulu. Wote wanashangilia. Sifuri, ambayo nayo ni jibu halali, ilitupwa pale walipogawanya, na uhakiki haumtafuti aliyepotea. Unamkagua aliyefika tu. Kinachomwokoa mtu hapa ni mwenza mmoja mbishi anayeuliza, "Umegawanya kwa x. Una uhakika x si sifuri?"

Mbaya zaidi ni hii. Tafuta integrali ya 1/x² kutoka -1 hadi 1. Watu watatu wanakokotoa kila mmoja kwake: integrali ni -1/x, weka 1 upate -1, weka -1 upate 1, toa, jibu -2. Wote wamepata -2. Wanaitafutia -1/x derivativu, wanarudi kwenye 1/x² bila kasoro. Makubaliano kamili, uhakiki umepita, na jibu ni upuuzi, kwa sababu 1/x² haiwi hasi hata mahali pamoja. Integrali ya namna hii hupima eneo lililo chini ya grafu; eneo hasi limetoka wapi, wakati grafu nzima iko juu ya mstari? Ukichora unaona mara moja: kwenye sifuri grafu inapasuka na kupaa bila kikomo, na eneo lile halina mwisho. Anayesema "hebu tuchore kwanza" ana thamani kikundini kuliko anayekokotoa upesi. Na watu watatu waliopita njia moja ni sawa na shahidi mmoja.

Upande wa pili wa shilingi ni ugomvi wa bure, ambao mimi naupenda. Swali: integrali ya saini x mara kosaini x. Mmoja anaita saini x u, anapata nusu ya saini mraba ya x. Mwenzake anaita kosaini x u, anapata hasi nusu ya kosaini mraba ya x. Wa tatu amekumbuka kanuni ya pembe maradufu, anapata hasi robo ya kosaini 2x. Wanatazamana. Kila mmoja anakagua kazi ya mwenzake akitafuta kosa, na hakuna kosa. Kaka mmoja tayari anasema kitabu kimekosea. Ikiwa watavumilia kidogo bila kukimbilia ukurasa wa majibu, mmoja atakumbuka kwamba saini mraba jumlisha kosaini mraba ni 1, na kwamba majibu yote matatu yanapishana kwa namba isiyobadilika tu. Ile C, alama ya namba hiyo isiyobadilika, ambayo wote walikuwa wakiiandika mwishoni kwa mazoea, ili wasikatwe alama, kumbe ina kazi. Sijui mhadhara unaoweza kuifundisha C vizuri kuliko ugomvi huo.

Programu za simu zinazopiga picha swali na kutema suluhisho sitazijadili kwa kirefu. Zina tatizo lilelile la kipanga mwenye haraka, ila hazichoki na haziringi. Na kazi ambayo masharti yake yanasema ufanye peke yako, ifanye peke yako. Hapo hapana uchambuzi.

Bado kuna suala la muda, na hili ndilo linalovunja nia njema za wengi. Mtihani uko karibu, karatasi za miaka iliyopita ni nyingi, na kulikokotoa kila swali hadi mwisho huku ukisubiri kila mmoja agundue mwenyewe ni anasa. Nakubali. Lakini kama uzito uko kwenye mstari wa kwanza, basi mazoezi ya pamoja yanaweza kuwa ya mstari wa kwanza tu. Kikundi kichukue karatasi nzima ya zamani. Kila mmoja, kimya, aandike kwa kila swali jinsi atakavyoanza na sababu yake, bila kukokotoa zaidi ya hapo. Swali gumu halitachukua zaidi ya dakika mbili au tatu, kwa hiyo karatasi nzima inaingia ndani ya kikao kimoja. Kisha wafunue na kulinganisha. Walipoanza sawa wote kwa sababu ileile, wavuke. Walipoanza sawa kwa sababu tofauti, wasikilizane. Pale wawili walipoanza tofauti, hapo tu ndipo waweke kalamu kazini na kwenda mpaka mwisho, kila mmoja kwa njia yake, waone ipi inafika, ipi inakwama, na kama zote mbili zimefika, ipi ilikuwa fupi.